Chakula cha Jioni kwa Mfanyakazi: Sayansi ya Kupanga Mapishi ya Wiki

Mfanyakazi atokaye kazini mjini Chake Chake saa tisa na nusu, akapita sokoni, akangoja gari la kwao na kufika nyumbani saa kumi na moja, ana saa mbili hivi za kuivisha chakula kabla watoto wadogo hawajaanza kusinzia. Katika saa hizo mbili atafua, atasali, na ikiwa ni mwalimu atasahihisha madaftari. Maharage makavu hayaivi katika muda unaobaki. Kisamvu hakijatwangwa, nazi haijakunwa, samaki hajaparwa. Basi hununuliwa chipsi na mayai njiani, au huandaliwa chai na mkate. Na jambo hilo likirudiwa siku nne katika juma, familia iliyokuwa ikila chakula chake yenyewe hujikuta inakula cha barabarani. Husemwa mara nyingi kuwa watu wa siku hizi wamekuwa wavivu wa kupika. Maelezo hayo si ya kisayansi. Tukitaka kujua kwa nini chungu kimeondoka jikoni, hatuna budi kwanza kupima muda.

Katika makala haya tutayatazama mapishi ya jioni kama mwanafunzi wa kemia anavyolitazama jaribio lake. Swali letu ni hili: katika kila chakula, ni hatua ipi inayodai mkono wa mpishi, na ni ipi inayodai muda tu? Tutaona kwamba hatua nyingi za polepole zaweza kuhamishwa kutoka jioni ya siku ya kazi na kupelekwa usiku wa jana, alfajiri, au siku ya Jumapili. Tutaona pia kwamba zipo hatua zisizofutika hata mpishi awe na haraka kiasi gani, na anayezifuta huilipa haraka yake kwa afya. Kutofautisha kuhamisha na kufuta ndiyo kazi ya somo hili.

Kazi hiyo si ngeni Pemba. Mwezi wa Ramadhani kila nyumba huwa na mpango. Vitu vya ghalani huwekwa mapema, na anayeandaa futari hujua tangu asubuhi kama leo ni muhogo wa nazi, shelisheli, majimbi au ndizi. Kwa siku 29 au 30 mfululizo chakula huwa tayari kwa dakika inayojulikana, jua linapotua, ingawa mpishi mwenyewe amefunga na huenda ametoka kazini kama wengine. Mwezi ukiandama mpango huo huwekwa kabatini pamoja na vyombo vya futari, na miezi 11 inayofuata kila jioni huanza upya na swali lilelile la "tupike nini?"

MUDA WA MKONO NA MUDA WA CHUNGU

Tuanze na maharage, kwa sababu ndiyo yanayomshinda mfanyakazi kwanza. Punje kavu ya haragwe ina wanga na protini zilizokaushwa, na zote mbili haziwezi kulainika bila maji. Lakini maji hayaingii haraka. Ganda la punje huyazuia, nayo hupenya kidogo kidogo, hasa kupitia kwenye kile kikovu kidogo ambapo punje ilishikana na ganda la nje lililoibeba shambani. Punje ikiachwa majini kwa saa 8 hadi 12 hunywa maji hadi uzito wake kukaribia kuongezeka maradufu. Sasa tuhesabu muda wa mkono: kuchambua, kuosha na kumimina maji ni dakika 10. Saa zilizobaki ni za maji peke yake, na maji hayamhitaji mpishi. Anayeroweka usiku kabla ya kulala, akabadilisha maji alfajiri, hukuta kazi ya mchana mzima imefanyika akiwa ofisini. Katika joto letu, hata hivyo, maharage yasiachwe majini zaidi ya siku moja, kwani huanza kuchacha.

Si kila haragwe hulainika kwa namna moja. Maharage yaliyokaa miezi mingi ghalani penye joto na unyevu hupatwa na ugumu usioondolewa na kuroweka: chembechembe za kalsiamu na magnesiamu huikaza pektini, ile gundi inayoshikamanisha seli, na punje huchemka saa tatu bila kupasuka. Kwa hiyo si hekima kununua gunia zima kwa kuwa bei ni nafuu, ikiwa nyumba ni ya watu wanne. Wapo wanaotia magadi ili yaive upesi. Magadi hufanya kazi kweli, kwa kuwa alkali huilegeza pektini. Lakini alkali hiyohiyo huiharibu vitamini B1, ambayo ni moja ya sababu za kula maharage. Mimi naona biashara hiyo haina faida. Aliyeroweka hahitaji magadi.

Hatua isiyofutika ni mchemko. Maharage, hasa mekundu, yana protini ya jamii ya lektini ambayo huumiza utumbo na kuleta kutapika na kuharisha. Sumu hiyo huharibika maharage yaliyorowekwa yanapochemka kwa nguvu, nyuzi 100 za sentigredi, kwa muda usiopungua dakika 10. Moto mdogo usiofikisha mchemko, tuseme nyuzi 80, hauiondoi hata kwa saa nyingi. Maji ya kurowekea nayo yamwagwe. Na siku ambayo mtu amesahau kuroweka, kuna choroko, punje ndogo inayoiva bila kurowekwa. Mpango mzuri wa wiki huwa na choroko ghalani kwa ajili ya siku ya namna hiyo, maana itakuja.

KISAMVU, NA KILICHOTOKEA BANDUNDU

Hakuna chakula cha Pemba kinachoonesha tofauti ya kuhamisha na kufuta kama kisamvu. Kila mtu anajua kuwa kisamvu hutwangwa. Wachache huulizwa shuleni kwa nini hutwangwa, na wanafunzi wengi hujibu kwamba ni ili kiwe laini. Jibu hilo ni nusu tu.

Ndani ya seli za jani la muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, ambacho ni sukari ya glukosi iliyofungamana na sianidi. Katika kuta za seli hizohizo mna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Jani likiwa zima, viwili hivi vimetengwa kama kiberiti na mafuta ya taa katika rafu mbili. Mdudu akilitafuna jani, seli hupasuka, vitu viwili hivyo hukutana, na sumu hutokea. Hiyo ndiyo kinga ya mmea. Mchi wa mpishi hufanya kazi ya meno ya mdudu, ila kwa makusudi: huzipasua seli zote nje ya mwili wa mlaji, kimeng'enya huimeng'enya linamarini, na mwisho wake hutokea hidrojeni sianidi, kitu chenye kuchemka kwenye nyuzi 26 hivi tu. Kisamvu kikiwekwa motoni kikiwa wazi, sumu hiyo hutoka pamoja na mvuke.

Sasa fikiri juu ya mtu mwenye haraka ambaye huyakata majani kwa kisu na kuyatumbukiza moja kwa moja katika maji yanayochemka. Joto hukiua kimeng'enya kabla hakijaanza kazi, kwa kuwa kimeng'enya ni protini. Linamarini yenyewe huvumilia mchemko. Majani hulainika, hupendeza kwa rangi, na hubaki na sehemu kubwa ya sumu yake. Haidhuru kwamba mihogo yetu mingi ni mitamu. Utamu huo ni wa kiazi, na majani huwa na sianidi nyingi kuliko nyama ya kiazi.

Kwamba haraka ya namna hii si hofu ya vitabuni, ushahidi upo katika bara letu. Katika jimbo la Bandundu, nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, wanawake walikuwa na desturi ya kuroweka muhogo mchungu kwa usiku tatu kabla ya kuukausha na kuusaga. Barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilipofungua biashara ya muhogo, wanunuzi walikuja kwa haraka, na muda wa kuroweka ukapunguzwa hadi usiku mmoja. Wataalamu waliochunguza eneo hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1992 waliuhusisha upungufu huo na maradhi ya konzo, ambayo humpooza mtu miguu yote miwili kwa ghafla na kumwacha na ulemavu wa maisha. Waathirika walikuwa hasa watoto na wanawake, katika nyumba ambazo chakula kingine kilikuwa kidogo. Huko Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ukame wa mwaka 1981 ulileta balaa hiyohiyo kwa zaidi ya watu 1,000: njaa iliwafanya wasingoje. Wanawake wa Bandundu hawakuwa wajinga. Waliijua kanuni ya usiku tatu vizuri kuliko mkemia yeyote. Kilichobadilika ni thamani ya muda wao.

Mfanyakazi wa Chake Chake afanye nini basi? Ahamishe. Majani ya wiki nzima yatwangwe Jumapili. Mashine ya umeme ya kusagia hufanya kazi sawa na kinu, kwa kuwa kinachotakiwa ni kupasua seli, na seli haijui ni chombo gani kimeipasua. Kisamvu kilichotwangwa kiachwe kidogo ili kimeng'enya kimalize kazi, kisha kichemshwe bila kifuniko mpaka kiive, bila nazi. Kikipoa kigawanywe katika vibakuli vya mlo mmoja mmoja na kugandishwa. Jioni ya kazi hubaki kutia tui, chumvi na kitunguu tu, jambo la dakika 20.

Tui lenyewe linahitaji adabu yake. Ni matone ya mafuta yaliyotawanyika majini na kufunikwa na utando mwembamba wa protini. Joto likikaribia nyuzi 80 protini huanza kuganda, matone huungana, na tui hukatika. Ndiyo maana tui jepesi hutangulia na tui la kasimile huja mwisho, kwa moto mdogo, huku likikorogwa. Tui lililokwisha kukamuliwa huchacha kwa saa chache katika joto letu. Anayetaka kuokoa muda wa mbuzi na akune nazi tatu kwa mkupuo, agandishe chicha zake kabla ya kuzikamua, na kukamua kila siku kiasi cha siku hiyo.

Neno moja juu ya chuma. Kisamvu kina madini hayo, lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Vitamini C husaidia ufyonzaji, kwa hiyo ndimu inayokamuliwa sahanini ina sababu zaidi ya ladha. Chai inayonywewa papo hapo na chakula huuzuia, kwa ajili ya tanini zake. Upungufu wa damu umechunguzwa sana kisiwani, na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi mwaka 2000, ni moja ya vituo vya kazi hiyo. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa juu ya watoto wa Pemba waliopewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki: watoto hao walilazwa hospitali au kufariki zaidi kidogo kuliko wale ambao hawakupewa, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi. Utafiti huo ulihusu vidonge, haukuhusu chakula. Kuichelewesha chai kwa saa moja baada ya kula hakuna gharama yoyote.

KIPORO

Wali ndio mlo unaotamaniwa zaidi na mwenye haraka, kwani huiva kwa nusu saa na ukizidi hubaki kwa kesho. Kiporo kina heshima yake katika nyumba zetu. Wali wa jana uliopashwa moto asubuhi pamoja na mchuzi uliolala ni chakula ambacho wengi wetu tulikwenda nacho shule. Mpango wa wiki hauwezi kufanikiwa bila kiporo. Lakini hapa pana jambo ambalo wazee hawakuwa na hadubini ya kuliona.

Punje za mchele huja na spora za bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayeishi udongoni. Spora ni kiini kikavu kilichojifunga, na mchemko wa kawaida haukiui. Wali unapopoa polepole, spora huamka na kuanza kujigawa. Tuseme wakati wa kuepuliwa zimesalia spora 10 tu kwa kila gramu, na kila bakteria hujigawa mara moja kwa nusu saa katika joto la chumba. Sufuria ikiachwa mezani tangu saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, hizo ni saa 8, yaani migawanyo 16. Namba 2 ikizidishwa yenyewe mara 16 hutoa 65,536. Kwa hiyo asubuhi katika kila gramu mna bakteria 655,360. Kiasi hicho kinatosha kuugua. Baadhi ya jamii za bakteria huyu hutoa sumu inayoleta kutapika, na sumu hiyo huvumilia nyuzi 121 kwa saa moja na nusu. Kupasha moto wali kutawaua bakteria na kuiacha sumu yao. Uhusiano huu ulianza kueleweka Uingereza kuanzia mwaka 1971, walipougua watu waliokula wali wa kukaanga katika mikahawa ya Kichina. Wali ulikuwa umechemshwa mapema na kuachwa jikoni usiku.

Dawa si kukiacha kiporo. Ni kukipoza upesi. Sufuria yenye kina hupoa polepole kwa sababu joto hutoka kupitia uso, na uso wake ni mdogo ukilinganisha na ujazo. Wali uleule ukitandazwa juu ya sinia hupoa kwa muda mfupi sana. Basi wali wa kesho utengwe kabla watu hawajaanza kula, utandazwe siniani, ufunikwe kawa ili nzi wasiupate na mvuke upate njia, na ndani ya saa moja uingie katika jokofu lenye nyuzi 5 au chini yake. Kawa peke yake haizuii chochote isipokuwa nzi na paka. Nyumba isiyo na jokofu ipike wali wa kumalizwa usiku uleule, na mpango wake wa kiporo uwe wa vitu vikavu.

Jokofu nalo linategemea umeme. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo ulitoka katika mitambo ya dizeli ya Wesha. Umeme ukikatika, mlango ukibaki umefungwa, friji huhifadhi ubaridi wake kwa saa 4 hivi, na friza iliyojaa hubaki imeganda kwa siku mbili karibu. Friza iliyojaa huvumilia zaidi kuliko tupu kwa sababu kila kilo ya barafu hudai kilojuli 334 kabla haijayeyuka. Chupa za maji zilizogandishwa zikijazwa katika nafasi tupu za friza ni akiba ya bure.

SAMAKI

Samaki hapangiwi siku, hupangiwa saa. Jodari, nguru na vibua wana asidi amino iitwayo histidini kwa wingi, na bakteria huigeuza kuwa histamini samaki anapokaa juani au bila barafu. Mlaji hupata uso mwekundu, kuumwa kichwa, kuwashwa na mapigo ya moyo kwenda mbio. Kupika hakuiondoi histamini. Kwa hiyo mfanyakazi anayefika sokoni jioni na kukuta jodari aliyelala juu ya meza tangu asubuhi asimnunue kwa tumaini la viungo na moto mkali. Imani kwamba moto husafisha kila kitu imeleta misiba mikubwa zaidi ya huo: mwezi Machi mwaka 2024, katika kisiwa cha Panza, wilaya ya Mkoani, watu 9 walifariki, 8 kati yao wakiwa watoto, baada ya kula nyama ya kasa, ambayo sumu yake haiondolewi kwa kupikwa.

Mababu walikuwa na jibu la siku isiyo na samaki mbichi: papa mkavu, ng'onda na dagaa. Chumvi na jua huyaondoa maji ambayo bakteria wanayahitaji. Vitu hivi vimeanza kudharauliwa kama chakula cha shida, na hilo ni kosa, maana hakuna kopo la dukani linalolingana na dagaa wakavu kwa kalsiamu, kwa kuwa huliwa na mifupa yao.

JUMA MOJA LA MFANO

Mpango ufuatao ni wa nyumba yenye jokofu, wazazi wawili wanaofanya kazi na watoto wa shule. Jumamosi wanakwenda sokoni na orodha iliyoandikwa Ijumaa usiku. Jumapili hutwangwa na kuchemshwa kisamvu, hukunwa nazi, na usiku hurowekwa maharage. Jumatatu ni maharage ya nazi na wali. Maharage hupikwa ya siku mbili, na nusu yake hupozwa kabla ya kutiwa tui. Jumanne, samaki wa siku hiyo akipatikana, mchuzi wake na ugali, asipopatikana, dagaa. Jumatano ni kisamvu kutoka katika friza pamoja na muhogo au ndizi za kuchemsha. Alhamisi maharage yaliyobaki huungwa na nyanya na kuliwa na chapati. Ijumaa, siku ya watu kuonana, haihitaji ushauri wangu. Choroko hukaa ghalani ikingoja dharura.

Katika msimu wa karafuu mpango huu hubadilika wote, kwa kuwa familia nyingi huhamia kambini mashambani na mikono yote huwa juu ya mikarafuu au kwenye majamvi. Huko hakuna jokofu. Ghala la kambini ni la choroko, ng'onda, muhogo unaochimbwa siku ileile, na nazi inayovunjwa wakati wa kupika.

Nilipowaonesha wanafunzi wangu mpango kama huu, msichana mmoja aliuliza ni nani atakayetwanga Jumapili. Hilo ni swali la kisayansi kabisa, kwa kuwa muda wa mkono ni lazima utoke katika mkono wa mtu. Kuihamisha kazi ya mama kutoka Jumatatu jioni hadi Jumapili asubuhi kunamnyang'anya mapumziko yake ikiwa mkono ni wake peke yake. Kuroweka, kuchambua choroko, kukuna nazi na kutandaza wali siniani ni kazi zinazoweza kufanywa na baba na kila mtoto aliyefika darasa la tano, na katika orodha inayobandikwa jikoni jina la mhusika liandikwe mbele ya kila kazi.

MOTO, NA JARIBIO LA DARASANI

Maji yanayochemka hayazidi nyuzi 100 katika sufuria ya kawaida hata moto uwe mkali namna gani. Moto wa ziada huyageuza maji kuwa mvuke tu. Tuhesabu: kupandisha lita 3 za maji kutoka nyuzi 28 hadi 100 kunahitaji 3 × 4.2 × 72, yaani kilojuli 907 hivi. Kugeuza lita 1 tu kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,260, karibu mara mbili na nusu ya hizo. Anayeacha chungu kichachawe bila kifuniko, kwa chakula kisicho na sumu ya kutoa, anatumia makaa au gesi yake kupasha hewa.

Ikiwa mchemko hauhitaji moto mkali, je, unahitaji moto kabisa? Katika maonesho ya Paris ya mwaka 1867 lilioneshwa sanduku la Kinorwe lililosheheni vitu visivyopitisha joto, ambamo sufuria iliyochemka iliendelea kuivisha chakula bila moto. Pemba tuna kitu kinachofaa kazi hiyo kuliko Norwe: usumba. Kikapu kikubwa kikishindiliwa usumba pande zote, na mto wa usumba juu yake, mwanafunzi wa zamu ya asubuhi anayerudi mchana anaweza kuchemsha maharage yaliyorowekwa kwa dakika 15, akayafunga kikapuni saa nane, na kuyakuta yameiva saa kumi na mbili. Chakula kisiachwe humo hadi joto lake likashuka chini ya nyuzi 60, kwa sababu tulizozieleza juu ya wali, na maharage yachemshwe tena kabla ya kuungwa.

Walimu wa fizikia wanaweza kulipima jambo hili kwa sufuria mbili zilizo sawa, vipimajoto viwili na saa. Kila sufuria itiwe lita 2 za maji yanayochemka na kufunikwa. Moja iwekwe kikapuni, nyingine mezani. Wanafunzi wasome joto kila baada ya dakika 30 kwa saa 4 na kuchora grafu mbili katika karatasi moja, kisha waoneshe kila mstari umevuka nyuzi 60 saa ngapi. Jaribio lirudiwe kwa kubadilisha usumba na sufi, nguo kuukuu, na majani makavu ya mgomba. Mwishowe lirudiwe kwa usumba uleule lakini kwa nusu lita ya maji badala ya lita 2. Wanafunzi watabiri matokeo kabla ya kupima, na waeleze kwa nini familia ndogo inahitaji kikapu kilichoshindiliwa zaidi kuliko familia kubwa.